Maji Yakishuka Mvua Ikinyesha Mlimani

Nyinyi vijana mliochaguliwa kuangalia mto Lhubiriha hapa Bwera, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi yangu. Kabugho, kiongozi wenu, ndiye aliyeniletea kalamu na daftari. Akaniambia, "Mzee, andika yote, hata yale mabaya." Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Yale mabaya nitayaandika. Ni kwa ajili ya hayo nimekubali kushika kalamu.

Kazi yangu ilikuwa kusoma kipimo. Saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni nilishuka mtoni kutazama vibao vya namba vilivyofungwa kwenye nguzo ya chuma, kuona maji yamefika wapi. Nikitoka hapo nilipanda hadi kwenye kipimo cha mvua, nikamimina maji yake kwenye silinda ya kioo, nikasoma. Namba zote niliziandika kwenye daftari, na kila mwisho wa mwezi nakala ilikwenda ofisi ya maji Kasese. Watu walinicheka. "Huyu analipwa kutazama maji." Mke wangu Biira alikuwa akiwajibu, "Na nyinyi mnayatazama bure."

Baba yangu alitoka Kenya kuja huku Uganda kufanya kazi kwenye mgodi wa shaba, na mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Mgodi ulipofungwa wengine walirudi kwao. Sisi tulibaki, kwa sababu kwetu palikuwa hapa. Nilishuka Bwera kutafuta kibarua, nikampata Mzee Baluku, aliyekuwa msomaji wa kipimo kabla yangu. Miguu ilikuwa imeanza kumshinda kwenye mteremko wa mtoni, akawa anatafuta mtu. Mpaka siku ya mwisho ya maisha yake aliniita "mtoto wa mgodi," hata nilipokuwa na mvi.

Siku ya kwanza alinipa silinda ya kioo yenye maji ya mvua akaniambia nisome. Nikasoma nikiwa nimesimama. "Kumi na nne."

"Piga magoti," akasema.

Nikadhani ananiadhibu. Nikapiga magoti, silinda ikiwa juu ya jiwe, jicho langu likiwa sawa na maji. Ilikuwa kumi na mbili.

"Ukisoma umesimama unasoma urefu wako," akasema. "Mvua iko chini."

Basi kwa miaka yote ile suruali zangu ziliisha magotini kwanza. Shemasi mmoja aliwahi kunishika mkono mbele ya watu kanisani, akanisifu kwamba mimi ni mtu wa maombi, magoti yangu ni ushahidi. Sikumkatalia siku hiyo. Nilimkatalia wiki iliyofuata, kwa sababu Biira alisema hatakula na mimi mpaka niseme ukweli.

Jambo la pili nililojifunza lilinipa aibu zaidi. Nilikwenda harusi Munkunyu, nikakaa siku mbili, niliporudi nikakuta nafasi mbili tupu kwenye daftari. Nikauliza jirani, akasema mvua ilipita kidogo kidogo. Nikaandika nne, na siku ya pili nne. Jioni Mzee Baluku akaja na fimbo yake, akafungua daftari, akainuka akaenda kwenye kipimo cha mvua. Akaniita.

"Jumamosi ilinyesha milimita nne?"

"Ndiyo, mzee."

"Na Jumapili nne?"

"Ndiyo."

"Na huyu je? Alifuma nyumba yake ndani ya mvua?"

Mdomo wa kipimo ulikuwa umezibwa na utando wa buibui, mkavu, una vumbi. Hakuna tone lililopita pale. Jirani yangu alikuwa ameniambia mvua ya upande wake. Mzee Baluku aliniamuru nichore mstari mmoja juu ya namba zile, zisomeke bado, na pembeni niandike "Sikuwepo." Akasema, "Sikuwepo ni jibu. Nne ni uongo." Tangu hapo sheria yetu ikawa moja: kilichoandikwa hakifutwi, na kisichoandikwa kwa wakati wake hakijazwi baadaye. Ishikeni hiyo. Nitairudia huko mbele.

Siku zile misimu ilikuwa bado inajulikana. Mwezi wa tatu mtu alipanda maharage akijua mvua iko njiani. Sasa nyinyi mmekulia kwenye mvua ya mwezi wa kwanza na jua la mwezi wa nne. Nimeona mwaka ambao mto ulikauka mpaka nguzo yangu ikabaki imesimama kwenye mchanga, mbuzi wanajikuna mgongo juu ya namba za chini. Miezi mitatu baadaye mto huohuo ulipita juu ya kibao cha mwisho, na mimi nikawa sina namba ya kuandika. Kwa hiyo mtu akiwaambia "huu si msimu wa mafuriko," mwitikieni kwa heshima, kisha mwende mkaangalie mto.

Kwenye daftari letu kila ukurasa ulikuwa na safu pana upande wa kulia, imeandikwa Maelezo. Mzee Baluku alikuwa akiijaza kila siku kwa herufi zake kubwa. "Maji mekundu, yananuka udongo mbichi." "Mawe yanagongana tangu asubuhi." "Mlima haujaonekana siku tatu." Mimi nilipoachiwa daftari niliandika "Kawaida," na baada ya muda nikaacha hata hiyo. Niliona namba inatosha. Hakuna aliyenikataza kuandika. Uvivu ulikuwa wangu mwenyewe.

Na Mzee Baluku aliwahi kuniambia hivi, tukiwa tumekaa hapo juu ya ukingo: "Maji yakipanda, kila mtu anaona, hata mlevi anakimbia. Wewe ogopa siku yatakaposhuka wakati mvua inanyesha mlimani. Mto hauwezi kupungua wakati unalishwa. Ujue udongo umeporomoka huko juu ukaziba bonde, na maji yanajikusanya nyuma yake. Siku hiyo usiandike kwanza. Chukua jerikeni tupu, ipige mpaka watu wote watoke." Nikacheka. Nilimwambia nimesoma kipimo miaka mingi na sijawahi kuona jambo hilo. Akasema, "Mimi nimeliona mara moja." Sikumuuliza aliona nini. Laiti ningemuuliza.

Sasa nafika kwenye yale mabaya.

Ulikuwa mwezi wa tano. Msimu uliotangulia jua lilikuwa limeunguza kila kitu, tukala mihogo ya kununua. Msimu huu tulipata maharage, na shamba lenyewe lilikuwa ng'ambo ya mto. Biira alikuwa ameyang'oa na kuyalundika hukohuko yakauke. Halafu mvua ikaanza mlimani, siku mbili mfululizo. Huku chini ilikuwa manyunyu na jua la kuchungulia, lakini mto ulijaa na hatukuweza kuvuka. Saa tatu asubuhi nilisoma mita mbili na sentimita kumi.

Saa tano Biira akanifuata uani. "Baba Ezra, nenda kaangalie tena. Yale maharage yataota kwenye lundo."

Nikashuka, naye nyuma yangu na gunia. Nikapiga magoti, nikasoma. Sentimita themanini. Kwa saa mbili mto ulikuwa umeshuka zaidi ya mita nzima. Nilifurahi. Nataka mjue hilo, nilifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Mama Ezra, yameshuka! Themanini."

"Kweli?"

"Namba haidanganyi."

Akakunja kanga yake juu ya magoti. "Basi andika kwenye kitabu chako kwamba mke wako amevuka wa kwanza, na mume wake amekaa anaandika." Akacheka, akaingia. Maji hayakufika hata kwenye mapaja yake.

Mimi nilikaa juu ya jiwe, nikaandika saa, nikaandika 0.80 kwa mwandiko mzuri. Safu ya Maelezo nikaiacha. Sikuinua macho kuutazama mlima, na mlima ulikuwa mweusi kuanzia kileleni mpaka miguuni. Na mawe yalikuwa kimya. Mto wetu ukiwa na maji mengi mawe hugongana chini, unayasikia hata ukiwa jikoni. Asubuhi ile yalikuwa yakigongana, na saa tano yalikuwa yamenyamaza. Masikio yangu yalisikia ukimya ule, lakini mimi sikuuliza.

Biira alikuwa katikati ya mto anarudi, gunia kichwani, ilipokuja harufu. Udongo mbichi, mzito, kama umefungua ardhi mbele ya pua yako. Halafu mlio kama malori mengi yanashuka mlima kwa pamoja. Nilimwita. Nadhani alinisikia, kwa sababu aligeuka kunitazama. Gunia hakulitupa.

Tulimpata siku ya tatu, mbali kule chini. Nimemzika nyuma ya nyumba, juu, mahali ambapo maji hayafiki.

Mzee Baluku aliletwa kwenye msiba amebebwa kwenye pikipiki, akakaa nami siku nne. Siku ya nne nilikwenda nikachukua daftari, nikafungua ukurasa ule, nikashika kalamu. Nilitaka kuandika kwenye safu ya Maelezo kwamba mlima ulikuwa mweusi, kwamba mawe yalinyamaza. Akanishika mkono.

"Uliyaandika saa tano?"

"Hapana, mzee."

"Basi acha."

Safu ile ni tupu mpaka leo.

Watu waliniuliza kwa nini niliendelea na kazi ile. Wengine walidhani nitauchukia mto. Niliendelea miaka kumi na mmoja zaidi, kwa sababu jambo lililonitesa ni kwamba namba yangu ilikuwa sahihi. Kama ningekuwa nimesoma vibaya ningejifunza kusoma vizuri na yangeisha. Nilikuwa nimesoma vizuri. Kwa hiyo ilinibidi nijifunze kitu kingine, na mahali pa kujifunzia palikuwa palepale.

Nikaifunga jerikeni ya njano kwenye nguzo ya uzio juu ya ukingo, tupu, bila mfuniko, na kando yake kijiti cha mti wa kahawa. Niliipiga mara mbili katika miaka ile. Mara zote mbili hayakuja maji. Mara ya kwanza mto ulipungua kwa sababu mvua ya juu ilikuwa imekwisha na mimi sikuona vizuri kwa ukungu. Mara ya pili sijui mpaka leo. Watu wakanipa jina, Mzee Jerikeni. Watoto waliniimba njiani. Niliitikia, kwani jina si baya.

Kisha nikastaafu, na kikaletwa kifaa kipya. Mnakijua: sanduku dogo juu ya mlingoti, sola yake, na maji yakipanda kupita alama, simu ya Kabugho inalia na simu za Kasese zinalia. Mimi sisemi vibaya juu ya kifaa hicho. Hakiendi harusini Munkunyu. Hakina uvivu. Kinapiga kelele maji yakipanda, na kimeokoa mifugo na vyombo vya watu. Lakini hakikuambiwa kupiga kelele maji yakishuka.

Msimu uliopita, siku mnayoijua, mvua ilikuwa mlimani tangu alfajiri. Nilikuwa nyumbani namenya viazi. Saa sita hivi nikasikia kwamba sisikii mawe. Nikaacha kisu. Nikashuka haraka kadiri magoti yangu yanavyoruhusu. Mto ulikuwa umepungua mpaka mchanga wa pembeni unaonekana, na watu walikuwa wamejaa: wanawake wa kambi ya jeshi wanafua, wachimba mchanga kutoka upande wa Congo na makoleo yao, na lori la jeshi limeingia mpaka katikati, askari wanapakia mchanga. Aliyewaongoza alikuwa Afande Opio, koplo, mtu wa kaskazini, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi.

Kabugho alikuwa hapo, simu mkononi. Nikamuuliza simu inasema nini.

"Iko sawa, mzee. Maji yako chini kabisa. Hakuna hatari."

"Yameshuka lini?"

Akaitazama simu tena, safari hii kwa muda. "Ndani ya saa moja tu, mzee. Yameshuka mita moja."

Nilikwenda kwenye uzio nikaanza kupiga jerikeni.

Mchimba mchanga mmoja akainua kichwa. "Muzee Jerikeni! Leo iko arusi ya nani?" Wenzake wakaangua kicheko. "Mai iko kidogo, muzee, acha tutafute ya kula." Mwanamke mmoja akapiga vigelegele, akacheza na shuka lililojaa sabuni. Sikuacha kupiga. Afande Opio akapanda ukingo, suruali imekunjwa, hana raha.

"Mzee, wacha hiyo kelele. Vijana yangu iko kazi."

"Afande, naomba kitu kimoja tu. Amuru watu wote wanyamaze kwa dakika moja. Baada ya hapo nitaenda nyumbani."

Akanitazama. Labda alitaka nimwondokee. Akageuka akapiga kelele, "Nyamaza! Wote! Zima gari! Wewe mama, wacha maji!"

Wakanyamaza. Dereva akazima lori. Na mto ulikuwa kimya. Hakuna jiwe, hakuna ndege. Nikanyoosha kijiti cha kahawa kuelekea mlimani, na yeye akatazama. Mlima haukuwepo. Palikuwa na weusi tu.

"Mvua yote ile, afande," nikasema, "maji yake yako wapi?"

Uso wake ulibadilika, kama mtu anayekumbuka mahali pengine. Baadaye aliniambia kwamba porini, ndege wakinyamaza ghafla, askari wanalala chini bila kungoja amri. Wakati ule alisema neno moja tu kwa sauti ya kawaida, "Kumbe." Halafu akatoa sauti yake nyingine.

"Toka mto! Toka! Juu ya barabara! Wacha nguo! Wacha koleo! Wewe, unatafuta nini? Viatu? Toka!"

Kabugho alikuwa tayari yuko chini, anawavuta wanawake mikono. Dereva akajaribu kuliwasha lori, likazama magurudumu ya nyuma. "Afande, gari!" akalia. Afande akamwambia, "Gari ni ya serikali, wewe ni ya mama yako. Ruka!" Nami nikapiga jerikeni mpaka ikapasuka ubavu.

Tukasimama barabarani. Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini. Nawaambia ukweli, huo ndio wakati mgumu wa kazi hii. Kupiga jerikeni ni rahisi, kazi ni kuzuia watu baada ya kuipiga. Wanawake walianza kunung'unika kuhusu shuka zao. Wachimba mchanga wakaanza kuteremka mmoja mmoja. Dereva alisema kwa nguvu, ili nisikie, kwamba lori linaharibika kwa sababu ya mzee mmoja na ngoma yake. Kabugho akasimama katikati ya njia ya kushukia, mikono ameitanua, akasema hapiti mtu. Hakuwa na ushahidi wowote mkononi, na simu yake bado ilisema salama. Nilisimama kando yake. Nilimwomba Mungu maji yaje, na hapohapo nikamwomba yasije. Nimeandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Kisha ikaja harufu.

Lori lilipatikana chini sana, limelala ubavu, limejaa mawe. Mtu hakupotea hata mmoja. Jioni Kabugho alikuja kwangu na daftari jipya mliloanzisha, akaniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike alichoona, na saa alipokiona. Akaandika namba. Halafu kwenye Maelezo akaandika mistari minne, akanisomea. "Maji yameshuka mita moja kwa saa moja, mvua ikinyesha mlimani. Mawe kimya. Simu ilisema salama, nami nikaiamini mpaka mzee alipouliza. Watu wote wametoka." Ule mstari wa tatu sikumwambia auandike. Nilimtazama, nikajua kazi imepata mtu. Nikaingia ndani nikamletea daftari langu la zamani, nikamfungulia ukurasa ule wenye nafasi tupu. Uko kwenu sasa. Usomeni, muutazame mkitaka, lakini msije mkaujaza.

Mwezi uliopita nilipiga tena. Jerikeni mpya, Kabugho ndiye aliyeileta. Mto ulipungua, mlima ulikuwa mweusi, watu wakatoka. Tukasimama barabarani saa mbili nzima, jua likatoka, mlima ukafunguka, mweupe kwa theluji kileleni, na mto ukaendelea kupita taratibu kama hakuna jambo. Watu walirudi kwenye kazi zao wakiburuta miguu, na safari hii hakuna aliyecheka, walichoka tu. Afande Opio alikuwa wa mwisho kushuka. Akasimama mbele yangu.

"Mzee, leo umetudanganya."

"Ndiyo, afande," nikasema. "Na mawe yakinyamaza kesho, nitawadanganya tena."

Akaipima jerikeni kwa mkono, akaikaza kamba yake kwenye nguzo, akashuka mtoni.